Informatiki ya mwanzo: niliyojifunza Nakivale, na kosa nililolifanya hapa Rubaya

Maneno haya yalisemwa na kijana mmoja wa komite yetu mbele ya mkutano mkuu wa chama, hapa Rubaya. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema. Tumepunguza salamu na makofi tu.

Bwana Prezida, wazee wetu, mama zetu, ninyi wadogo mlioketi chini hapa mbele, na ninyi wafadhili mtakaoyasoma haya mkiwa mbali, jambo yenu wote.

Prezida ameniomba nieleze ile informatiki niliyosoma ukimbizini. Akaniambia: "Sema kwa kifupi, na usituletee Kizungu." Hilo la pili nitajaribu. Hilo la kwanza mtanivumilia, maana niko na deni la kulipa humu ndani, na wengi wenu mnalijua. Nitalifikia.

Niseme kwanza nilivyoanza vibaya. Nilianza kusoma Goma, mwaka wa kwanza, fashi nisiyoitaja jina kwa sababu walimu wake walijitahidi na walichokuwa nacho. Kwetu Kongo karibu kila fakilte iko na somo linaloitwa utangulizi wa informatiki. Tulijaa kwenye oditwari mpaka wengine wanasimama dirishani. Prof akachora klavye ubaoni kwa chaki, herufi moja moja. Tukanakili kwamba Mfaransa Blaise Pascal alitengeneza mashini ya kujumlisha mwaka 1642. Tukanunua silabusi, kila mutu yake, na asiyenunua alijua mwenyewe yatakayomkuta. Mtihani ukauliza: taja sehemu za ordinatere. Nilipata 14 kwa 20. Mama yangu aliwaambia majirani wote. Na mimi mpaka siku ile nilikuwa sijagusa mashini hata kwa kidole kimoja.

Halafu vita. Hiyo hamhitaji niwaeleze, kila mutu humu ana yake. Mwaka 2023 nilijikuta Nakivale, Uganda, upande wa Isingiro, si mbali na Mbarara. Wanaoijua wanajua ni kambi ya zamani sana, watu wa Rwanda waliokimbia miaka ile ya mwisho ya 1950 walipita pale, na leo mtaani utasikia Kiswahili chetu kuliko lugha nyingine nyingi. Pale nikakutana na kijana Mrundi aliyekuwa na mashini moja na fulashi moja. Kwenye fulashi kulikuwa na somo zima la chuo kikuu.

Somo lenyewe linaitwa CS50. Ni la Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani, na mwalimu wake ni David Malan. Ni somo la mwanzo, linasomwa na wanaotaka kuwa wataalamu wa informatiki na pia wasiotaka. Wanafunzi wa kule wanalipa pesa nyingi sana kukaa kwenye kile chumba, lakini video na mazoezi yote yamewekwa wazi, mutu yeyote duniani anayachukua bure. Kuko majuma 11, wanayahesabu kutoka sifuri mpaka kumi. Ndiyo, wanaanza na sifuri. Ni desturi yao, msiniulize sasa. Juma la kwanza unapanga vipande vya rangi kama mchezo wa watoto. Ukijisifu kidogo, unaingia kwenye lugha inayoitwa C na sifa zinaisha. Kisha jinsi ya kutafuta na kupanga vitu, kisha kumbukumbu ya mashini, kisha lugha nyingine nyepesi inayoitwa Python, kisha hifadhi za majina na hesabu, kisha kurasa za intaneti, na mwisho usalama. Unazungushwa shamba lote kabla ya kuchagua fashi ya kulima. Hakuna unachokijua sana ukimaliza, lakini hauogopi tena.

Mimi yalinichukua miezi tisa. Tulikuwa wanne kwa mashini moja. Mwenyewe aliitumia mchana, sisi usiku. Video zilikuwa kwenye fulashi, lakini kutuma mazoezi kulihitaji rezo, na mega zinanunuliwa. Kuko majuma tulikula mara moja kwa siku ili zoezi lifike, na sisemi kwamba ilikuwa akili, nasema ilikuwa hivyo.

Zoezi moja la mwanzo linakuomba uandike programu ya kuchora ngazi ndogo kwa alama, kama ile ya mchezo wa Mario. Nilikesha. Ngazi ilikataa. Kumbe nilisahau nukta-mkato moja mwisho wa mstari. Asubuhi nikamwonyesha mama mukubwa ngazi yangu kwenye kioo, vijialama vimepangana vizuri. Akatazama. Akasema: "Njo hii ulikuwa unatengeneza usiku wote? Na inapandwa?"

Nimeifikiria sana ile swali, mpaka leo.

Msidhani mimi ni wa ajabu. Kule Kakuma, Kenya, na Dzaleka, Malawi, Wayezuiti walileta masomo ya chuo kikuu kwa njia ya intaneti tangu 2010, na Dzaleka imejaa Wakongo. Kiziba, Rwanda, kwenye kambi ya watu wetu wa Kivu, kuko waliopata diploma ya chuo cha Marekani bila kutoka mlimani, kwa masomo yaliyoanza 2015. Wafadhili mkisikia "mkimbizi" mnaona foleni ya unga. Foleni iko, na wanaopanga foleni wamo humo wenye diploma.

Sasa naomba watoto saba wasimame hapa mbele. Saba, si kumi na saba! Njooni, mpange mstari. Wewe wa mwisho upande wangu wa kulia, unaitwa moja. Jirani yako anaitwa mbili. Anayefuata nne, halafu nane, kumi na sita, thelathini na mbili, na wewe mrefu wa kushoto unaitwa sitini na nne. Kila mutu ni mara mbili ya jirani yake wa kulia. Sheria ni moja: aliyesimama anahesabiwa, aliyekaa hahesabiwi. Bon. Sitini na nne, simama. Kumi na sita, simama. Mbili, simama. Wengine wote kaeni. Jumlisheni, wamama wa soko msaidie. Themanini na mbili. Vizuri.

Watengeneza mashini walikubaliana tangu miaka ya 1960 kwamba 82 ni herufi R kubwa. Hiyo R ya Rubaya. Mukiandika Rubaya kwenye simu, ndani ya simu hakuna R. Kuko watoto waliosimama na waliokaa, basi. Picha ya mtoto wako, sauti ya kaka yako anayeita kutoka Kampala, pesa zilizo kwenye simu yako, zote ni kusimama na kukaa. Kaeni sasa, asante, muko waprof wazuri.

Kusimama na kukaa huko ni umeme. Umeme ukiwepo ni kusimama, usipokuwepo ni kukaa. Lakini umeme unatetemeka. Ukitetemeka vibaya, aliyesimama ataonekana kama amekaa, na R yako inageuka kitu kingine. Njo maana ndani ya mashini wanaweka vitu vidogo vinaitwa kondensa. Fikiria tangi la maji juu ya nyumba: mto ukijaa linapokea, mto ukipungua linatoa, na bomba ndani ya nyumba halijui kama mto umepungua. Kondensa ni tangi la umeme. Na ukitaka tangi dogo kama punje ya mchele lakini lenye kubeba mengi, kuko chuma kimoja kinachofaa sana kuliko vingine. Kinaitwa tantali. Kinatoka kwenye koltani.

Naona mnatazamana. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia inatoka kwenye hivi vilima vyetu, Bibatama, Luwowo, Gakombe na vingine. Wazee wanakumbuka bei ilivyoruka mwaka 2000, na ilivyoanguka. Kuko watu humu ndani waliobeba jiwe hilo mgongoni miaka ishirini. Wamelibeba likaenda, likarudi likiwa ndani ya simu, wakalinunua.

Lakini sikuja kulia juu ya jiwe. Hiyo hotuba mumeisikia kwa kila mgeni anayekuja na kamera. Nilitaka tu mjue kwamba silabusi yangu ya Goma haikuitaja, na somo la Harvard pia halikufika huko. Nilijiunganishia mwenyewe, usiku mmoja Nakivale, na sikulala.

Tuendelee. Kwenye juma la kwanza, yule mwalimu anachukua kitabu kikubwa cha namba za simu. Anatafuta jina moja. Hafungui ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Anafungua katikati, anaangalia kama jina liko mbele au nyuma, halafu anakipasua kitabu na kutupa nusu. Anafanya tena. Anatupa tena nusu. Kama kuko kurasa 1,000, hatua kumi zinatosha. Kama ni milioni moja, hatua ishirini. Siku ile niliacha video nikatoka nje, nikafikiria daftari la chama chetu.

Muko mnalijua daftari letu. Katibu ni mutu mwaminifu kuliko wote ninaowajua, na ameliandika kwa mkono wake mwenyewe. Lakini ameandika watu kwa jinsi walivyofika. Aliyerudi kutoka Bulengo ameandikwa siku aliyorudi, aliyerudi kutoka Kanyaruchinya siku yake, sisi wa Uganda siku yetu. Kumtafuta mutu ni kusoma kutoka mwanzo mpaka mwisho. Huwezi kutupa nusu ya daftari ambalo halikupangwa. Hilo si kosa la katibu. Kambi za Goma zilifungwa mwezi wa pili 2025 kwa siku chache, watu wakaja na magodoro kichwani, nani angepanga alfabeti siku ile?

Basi niliporudi, nikajitolea. Nikasema mimi nitaingiza daftari lote kwenye mashini. Mlifurahi. Mama mmoja alinipa mayai. Nikaandika majina yote kwenye Excel, nikayapanga, na ilikuwa nzuri kutazama. Nikaona majina mengi yanajirudia. Nikafikiri, hawa wameandikwa mara mbili, wakati wa kurudi watu walikuwa wanajiandikisha kila fashi wanapopita. Kuko amri moja kwenye Excel ya kuondoa yanayojirudia. Nikaigusa. Sekunde moja. Listi ikapungua, nikaona nimefanya kazi.

Halafu turubai zikaja.

Siku ya kugawa, mama mmoja akafika mbele na jina lake likasomwa kuwa limeshachukua. Alisema hajachukua. Wanaogawa walimwonyesha listi: jina hili, limewekwa alama. Na mashini ilikuwa imesema. Mimi nilikuwa pale. Nilisema, na mutanisamehe, nilisema: "Mama, mashini haidanganyi." Akaenda.

Kumbe kuko mama wawili wenye jina moja. Jina la kwanza moja, jina la pili moja. Kwetu hapa hiyo ni jambo la ajabu? Wenye jina la Furaha hapa ndani wainue mikono. Haya. Bahati? Mumeona wenyewe. Mmoja anakaa juu kwa upande wa shule, mwingine chini karibu na mto. Nilikuwa nimewafanya mutu mmoja. Mvua ilinyesha wiki mbili juu ya watoto wake kabla sijajua. Mtoto wake mdogo alishikwa na kikohozi, akapona, tunashukuru Mungu. Siku niliyokwenda kwake kuomba msamaha, hakunitukana. Aliniuliza: "Weye mutoto, ile mashini yako inasema mie ni nani?"

Ameniruhusu kusema habari hii hapa. Jina lake alisema nisilitaje, na yuko humu ndani.

Jambo linaloniumiza ni hili: nilikuwa nimelisoma. Juma la saba la somo lile, lote, ni juu ya hifadhi za majina. Linafundisha kwamba jina si mutu. Kila mutu kwenye hifadhi lazima awe na ufunguo wake, namba ambayo ni yake peke yake na haitapewa mwingine hata akifa. Nilifanya zoezi lake, lilikuwa juu ya sinema na waigizaji, nikapata alama zote. Waigizaji wa Marekani nilijua kuwatenganisha. Majirani zangu nikawachanganya.

Mutasema, tutumie tarehe ya kuzaliwa. Ni nani humu alizaliwa tarehe moja mwezi wa kwanza? Angalieni mikono. Sisi wote tuliopita kambini tulizaliwa tarehe moja mwezi wa kwanza, kwa sababu aliyeandika alikuwa na haraka. Tutumie namba ya simu? Simu moja iko na nyumba tatu, na kadi inabadilishwa kila rezo ikikataa. Uganda mwaka 2018 walihesabu wakimbizi upya kwa vidole na macho, na hesabu ikashuka kutoka kama milioni 1.4 mpaka kama milioni 1.1. Serikali kubwa, na Umoja wa Mataifa pembeni, walikuwa wamebeba listi isiyo ya kweli na hakuna mashini iliyowaambia.

Maana mashini haijui. Inabeba ulichoandika. Wachimbaji mnalijua hili kuliko mimi. Si mnakumbuka zile etiketi za kwenye mifuko, moja ya kwenye shimo, nyingine ya kwa negosian, kila moja na namba yake? Namba ilikuwa safi. Kwenye mashini ya Ulaya ilionekana vizuri: mfuko huu umetoka shimo hili. Lakini etiketi haikuchungulia ndani ya mfuko. Iliamini mkono ulioifunga, na mikono, tunaijua. Tangu 2024 etiketi hizo zimesimamishwa hapa Masisi. Nazitaja kwa sababu ni somo lilelile na kosa lilelile la kwangu. Tulidhani namba inaleta ukweli. Namba ingesaidia tu kumtambua mutu ambaye kwanza mmoja wetu amekwenda kumwona nyumbani kwake.

Basi nimefanya hivi, na komite imekubali, na leo tunaomba ninyi mukubali au mukatae. Kila nyumba itapewa namba. Vijana wawili na mama mmoja wa kila kartie watapita nyumba kwa nyumba, bila haraka. Namba itaandikwa kwenye kajetoni ka plastiki na haitabadilika. Mama yule amepata yake, na yule mwenye jina lake amepata yake tofauti. Tumeanza na wao.

Jambo la pili ni gumu kidogo na naomba wazee munisikie vizuri.

Somo lile linamalizikia na usalama, na nilitegemea watanifundisha neno la siri gumu. Wamefundisha. Lakini niliyobeba mimi kutoka pale ni swali la mapema zaidi: unaandika nini, na kwa nini? Kila safu unayoiongeza kwenye listi ni kitu ambacho siku moja mutu mwingine atakisoma. Wazee wanakumbuka 1991, serikali ya Zaire ilipoanza kuwaandika watu wa Kivu, nani ni raia na nani si raia. Wanakumbuka mwezi wa tatu 1993, soko la Ntoto kule Walikale, na jinsi moto ulivyofika huku Masisi. Sisemi listi njo iliwasha. Sababu zilikuwa nyingi, na zingine ni za zamani kuliko baba yangu. Lakini jirani zetu wa Rwanda walikuwa na kitambulisho chenye neno la kabila, kitu kilicholetwa na Wabelgiji miaka ya 1930, na mwaka 1994 kwenye barieri mutu aliulizwa kitambulisho, si jina. Aliyeweka ile safu mwanzo labda alitaka takwimu tu.

Sisi humu ndani tuko Wahunde, tuko Wahutu, tuko Watutsi, tuko Watembo, na kuko walioolewa huku na huku mpaka hawajui wajiite nini. Tumerudi, tumekaa pamoja chini ya bati moja leo. Kwenye daftari letu la zamani kuko safu ya kabila na safu ya "alikimbia nani." Hiyo ya pili ilinitoa jasho nilipoiingiza. Nimeiandika kwa vidole vyangu mwenyewe, kwenye mashini inayobebwa kwenye mfuko wa mgongoni, njia yenye barieri. Ikishikwa mashini, sote tumeshikwa.

Ninaomba tuzifute safu zote mbili, kwenye mashini na pia kwenye daftari. Na majina yakae mbali na namba. Karatasi itakayokwenda kwenye kugawa iwe na namba tu na hesabu ya watu wa nyumba. Daftari lenye namba na majina pamoja libaki kwa watu wawili mtakaowachagua wenyewe, na mimi nisiwe mmoja wao. Hiyo si unyenyekevu. Anayetengeneza kisanduku asibebe na ufunguo wake.

Wafadhili, nanyi. Tunashukuru kwa turubai, tunashukuru kwa mbegu, na ninasema kwa moyo. Lakini fishi mnazotutumia zina safu nyingi kuliko turubai. Moja iliuliza kabila. Nyingine iliuliza kijiji alichokimbia mutu, tarehe, na kwa sababu ya nani. Najua mkubwa wenu kule anataka ripoti nzuri. Tuambieni mnachotaka kufanya na kila jibu, tutawapa yale yanayosaidia kugawa kwa haki. Yaliyobaki tutaacha wazi. Kama fishi ikikataa kutumwa ikiwa na nafasi wazi, basi tengenezeni fishi nyingine. Mimi nimejifunza, si kazi kubwa, ni mistari michache.

Muzee mmoja alinikamata jana njiani akaniuliza: "Kese ikiwa na pesa, tununue mabati au mashini?" Nilimjibu na nitajibu hapa mbele yenu: mabati. Shule bado iko na darasa moja lisilo na paa. Sijaja kuomba mashini kutoka kwenye kese.

Ninachoomba ni hiki chumba, Jumamosi saa nane mpaka saa kumi na moja. Nataka watu wanane, wanne wao wawe mama au wasichana, na simaanishi wasichana wa kuja kufagia. Tutasoma lile somo la mwanzo pamoja, kwa Kiswahili, mimi nikieleza yale ambayo video inasema kwa Kiingereza. Fulashi ninayo. Majuma mawili ya kwanza hatutagusa mashini kabisa: mutu aje na kayé yenye miraba na kalamu. Tutahesabu kwa vidole, mkono mmoja unafika 31, mtaona. Tutapanga majina ya daftari letu kwa mkono, kwa njia tatu tofauti, tuone ipi inachosha zaidi. Aliyefika kidato cha sita na aliyeishia la sita wote wanakaribishwa, na ninajua wapi mutu atakwama kwa sababu mimi nilikwama palepale. Juma la nne, la kumbukumbu ya mashini, lilinirudisha mara mbili, na nililia, na mwalimu wangu Mrundi alinicheka mpaka nikacheka.

Kwa nini watu wanane, kwani mimi simtoshi? Ndiyo, sitoshi. Siku ile ya turubai nilikuwa peke yangu ninayejua ile amri ya Excel inafanya nini. Kama mama mmoja tu wa hapa angekuwa ameketi karibu nami akijua, angeniuliza: "Na kama kuko wawili wenye jina moja?" Angeuliza mara moja, kwa sababu anawajua wote wawili. Katibu angeuliza. Mimi nilijua mashini, na wao wanajua watu, na hatukuwa kwenye meza moja.

Majina ya wanaotaka kusoma mtampa katibu leo kabla ya kutoka. Mashini tunazo mbili. Moja ni yangu. Nyingine betri yake imekufa, inafanya kazi paka ikiwa imeunganishwa na paneli, kwa hiyo Jumamosi ya mvua tutatumia moja. Bwana Prezida, kama kuko maswali kabla ya kupiga kura ya zile safu mbili, niko hapa.